Oktoba ya besiboli: hesabu ya mikono, siku za mapumziko na saa za usiku

Shabiki mgeni wa besiboli huingia Oktoba akitazama majina makubwa: nani ana nyota wengi, nani kashinda mechi nyingi, nani analipa mishahara minono. Aliyekesha misimu kadhaa huuliza mambo mengine. Nani alirusha jana? Alirusha mipira mingapi? Kesho kuna mechi au kuna mapumziko? Mtoano wa MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani na Kanada, huamuliwa zaidi na mikono ya warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira, na kalenda, na mtu akishazoea kuzifuata hesabu hizo mbili, mechi ya saa tisa usiku humshika hata pale ambapo dakika ishirini zinapita bila mtu kufika besi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vinne anavyokimbilia mpigaji.

Tuanze na muundo, maana bila huo kalenda haisomeki. Tangu 2022 timu 12 zinaingia kwenye mtoano, sita za American League na sita za National League. Kila ligi ina divisheni tatu. Mabingwa wa divisheni wanapangwa namba 1 hadi 3 kwa kufuata rekodi zao, halafu timu tatu bora zilizobaki zinachukua namba 4 hadi 6; hizo ndizo za Wild Card. Wengi hujikwaa hapa: bingwa wa divisheni dhaifu anakaa juu ya timu ya Wild Card hata kama timu hiyo imeshinda mechi nyingi kuliko yeye. Namba 1 na 2 hawachezi raundi ya kwanza. Namba 3 anamkaribisha namba 6, namba 4 anamkaribisha namba 5, na mechi zote, mbili au tatu, zinachezwa kwa mwenye namba ya juu. Hakuna kupangwa upya baada ya hapo: namba 1 anamsubiri mshindi wa 4 na 5, namba 2 anamsubiri mshindi wa 3 na 6. Raundi ya pili mshindi ni wa kwanza kufikisha ushindi wa mechi tatu. Fainali ya ligi na World Series, yaani fainali kuu ya mabingwa wa ligi hizo mbili, ni wa kwanza kufikisha nne, kwa mpango wa mbili nyumbani, tatu ugenini, mbili nyumbani. Katika World Series anayeanzia nyumbani ni mwenye rekodi bora ya msimu, ndiyo maana mwaka 2025 mechi ya kwanza ilichezwa Rogers Centre, Toronto: Blue Jays wa Toronto walimaliza na ushindi wa mechi 94, Dodgers wa Los Angeles 93.

Mtoano wenyewe huanza kunukia Septemba. Ili kujua timu imebakiza nini kabla ya kujihakikishia ubingwa wa divisheni, chukua 163 (mechi 162 za msimu kuongeza moja), toa mechi ambazo anayeongoza ameshashinda, kisha toa mechi ambazo anayemfuata ameshapoteza. Anayeongoza ana ushindi wa mechi 90 na anayemfuata kapoteza 70? Imebaki 3. Kila anayeongoza anaposhinda inapungua moja, na kila anayemfuata anapopoteza inapungua moja. Siku yakitokea yote mawili zinaondoka mbili. Ila angalia nani alimshinda mwenzake zaidi walipokutana msimu huo, maana tangu 2022 mechi ya ziada ya kutenganisha waliolingana imefutwa. Kama anayeongoza ndiye mwenye faida hiyo, tumia 162 badala ya 163. Faida hiyo si kitu kidogo. Mwaka 2025 Blue Jays na Yankees walimaliza sawa, 94 kwa 68, na Toronto wakachukua divisheni kwa sababu walikuwa wamewashinda Yankees mara 8 katika mechi 13. Wao wakapumzika, Yankees wakaenda kucheza Wild Card. Upande wa National League, Reds na Mets walilingana kwa 83 na 79. Reds wakaingia, Mets wakaenda nyumbani. Mechi ya katikati ya msimu ambayo wengi walishaisahau ndiyo ilikuja kuhesabiwa hapo.

Kuhusu kupumzika raundi ya kwanza, mashabiki wanabishana kila mwaka, na ubishi huo una chanzo. Mwaka 2022 Dodgers walishinda mechi 111, wakapumzika, wakatolewa na Padres waliokuwa na 89. Mwaka 2023 Braves wenye 104, Orioles wenye 101 na Dodgers wenye 100 wote walipumzika na wote wakatoka bila kupita raundi ya pili. Orioles na Dodgers hawakushinda hata mechi moja. Wapo wanaosema wapigaji hupoteza kasi wakikaa siku tano bila kukutana na mpira wa kweli. Kwa maoni yangu faida bado ni kubwa kuliko hasara: anayepumzika anapanga warushaji wake upya kuanzia aliye bora, na ameepuka mechi tatu ambazo lolote linaweza kutokea. Besiboli haina mnyonge wa kudumu. Timu bora kabisa ya msimu hupoteza mechi kama 60 kati ya 162, kwa hiyo kushindwa tatu kati ya tano si jambo la ajabu. Mwaka 2006 Cardinals walitwaa ubingwa wakiwa na ushindi wa mechi 83 tu, na mwaka 2001 Mariners walioshinda 116 hawakufika hata World Series.

Sasa mikono. Mrushaji wa kuanza huhitaji siku nne au tano kati ya mechi na mechi. Katika msimu wa kawaida timu hutumia watano kwa zamu. Katika mtoano siku za kusafiri zinaiwezesha timu kumwacha wa tano, na pengine hata wa nne. Chukua karatasi upange World Series ya kawaida: mechi ya kwanza Ijumaa, ya pili Jumamosi, Jumapili mapumziko, ya tatu hadi ya tano Jumatatu, Jumanne na Jumatano, Alhamisi mapumziko, ya sita Ijumaa na ya saba Jumamosi. Aliyeanza mechi ya kwanza anarudi mechi ya tano akiwa na siku nne za kupumzika. Wa mechi ya pili anarudi ya sita akiwa na siku tano. Wa mechi ya tatu anarudi ya saba akiwa na nne. Anayebaki ni wa mechi ya nne, na hapo ndipo timu hugawanyika kati ya zenye akiba na zisizo nayo. Timu isiyo na mrushaji wa nne wa kuaminika huifanya mechi hiyo kuwa ya kupokezana: watu sita au saba, kila mmoja iningi (kipindi; mechi ya kawaida ina tisa) moja au mbili. Hata ikishinda inalipa deni hilo mechi ya tano, kwa sababu hakuna mapumziko katikati.

World Series ya 2025 ilifuata karatasi hiyo karibu neno kwa neno. Toronto walimwanzisha kijana Trey Yesavage mechi ya kwanza na ya tano, Kevin Gausman ya pili na ya sita, Max Scherzer ya tatu na ya saba. Dodgers waliwatumia Blake Snell ya kwanza na ya tano, Yoshinobu Yamamoto ya pili na ya sita. Aliyekuwa anaijua karatasi hii aliweza kusema tangu siku ya kwanza nani atasimama kilimani, mahali pa mrushaji, siku ipi, na pale mpango ulipovunjika aliona mara moja kwamba kuna kocha aliyebanwa.

Mpango ulivunjika mara mbili. Ya kwanza ni mechi ya tatu, Los Angeles, iliyofika iningi ya 18 na kudumu saa sita na dakika 39. Dodgers walifikia mrushaji wa mwisho aliyebaki, Will Klein, aliyebeba iningi nne peke yake huku nyuma yake Yamamoto, ambaye siku mbili kabla alikuwa amemaliza mechi nzima, akipasha mkono. Freddie Freeman wa Dodgers akapiga homurani ya kumaliza (mpira unaovuka ukuta wa uwanja na kuleta mikimbio, yaani pointi), 6-5. Shabiki wa kawaida alilala akiamini Toronto wamevunjika moyo. Anayehesabu mikono aliona kitu kingine: timu zote mbili zimemaliza akiba yake, kesho na keshokutwa kuna mechi, na atakayepata iningi nyingi kutoka kwa mrushaji wake wa kuanza ndiye atakayenufaika. Shane Bieber akawapa Toronto kazi ya kutosha mechi ya nne, Yesavage akawatoa wapigaji 12 kwa straiki (mipira halali waliyoikosa au kuiacha, tatu kila mmoja) mechi ya tano, na Toronto wakashinda zote mbili kwenye kiwanja cha Dodgers, 6-2 na 6-1.

Mara ya pili ni mechi ya saba, Novemba 1. Scherzer alianza kwa ratiba yake. Dodgers walimwanzisha Shohei Ohtani baada ya siku tatu tu, na Bo Bichette wa Toronto akampiga homurani ya mikimbio mitatu iningi ya tatu. Kuanzia hapo Dodgers waliwatumia warushaji wao wa kuanza kama watu wa akiba: Tyler Glasnow, Snell, na mwisho Yamamoto, aliyekuwa amerusha mipira 96 usiku uliotangulia. Toronto nao walimleta Bieber, yule wa mechi ya nne, iningi ya 11. Will Smith wa Dodgers akampiga homurani, 5-4, na ubingwa ukaenda Los Angeles. Mechi ya saba haina kesho, kwa hiyo hesabu zote za siku za kupumzika zinawekwa kando, na ndiyo maana usiku huo usiamini orodha yoyote ya nani anapatikana na nani hapatikani. Mtazame anayeinuka kwenye eneo la kupashia mkono.

Ndani ya mechi moja zipo dalili ambazo mtu anaweza kuzifuata bila takwimu za kompyuta. Hesabu wapigaji. Timu ina wapigaji tisa. Anapofika wa 19, mrushaji anakutana na mtu wa kwanza kwa mara ya tatu. Mpigaji ameshaona mipira yake yote, ameshajua inavyopinda na inavyoshuka. Makocha wa siku hizi wanaogopa zamu hiyo ya tatu, na katika mtoano humtoa mrushaji hata kama hajapigwa. Uwanja mzima hupiga kelele za hasira, lakini uamuzi huwa umepangwa tangu asubuhi. Kwa hiyo mpigaji wa 16 au 17 akiingia, acha kumtazama mrushaji, tazama eneo la akiba. Wakisimama wawili kupasha, mmoja wa mkono wa kushoto na mmoja wa kulia, kocha bado hajaamua. Anasubiri kuona nani atafika besi. Akisimama mmoja tu, ujue kesi imekwisha.

Kuna pia kanuni ya watatu: tangu 2020 mrushaji akiingia lazima akabiliane na wapigaji watatu au amalize iningi. Ukiona kocha anamleta mrushaji wa kushoto kwa ajili ya mpigaji mmoja hatari wa kushoto, angalia wawili wanaofuata. Wakiwa wa kulia wenye nguvu, benchi la pili limeshaona mlango. Aliyerusha mipira 25 au zaidi jana, leo ni wa nusu uwezo. Aliyerusha siku mbili mfululizo, siku ya tatu huletwa pale tu hali inapokuwa mbaya. Andika namba hizo kwenye daftari kila usiku. Kufikia mechi ya tano utakuwa unajua kuliko nusu ya watangazaji.

Kosa la mlinzi nalo lisomwe kwa hesabu hiyo hiyo. Mechi ya tano ya World Series 2024, Yankees walikuwa mbele ya Dodgers 5-0 na mrushaji wao Gerrit Cole alikuwa hajapigwa hata mpira mmoja wa kufikisha mtu besi kwa iningi nne. Iningi ya tano Aaron Judge aliangusha mpira wa juu uliokuwa mkononi, Anthony Volpe akarusha vibaya kwenda besi ya tatu, kisha Mookie Betts wa Dodgers akapiga mpira dhaifu wa chini kuelekea besi ya kwanza. Anthony Rizzo aliudaka, lakini Cole hakukimbia kuifunika besi. Alinyoosha kidole akidhani Rizzo atafika mwenyewe. Betts akafika salama. Mbio zile za hatua chache zingemaliza iningi bila mkimbio hata mmoja. Badala yake Dodgers walisawazisha 5-5, na mechi ikaisha 7-6. Hasara ya kosa haiishii kwenye mikimbio. Kila auti (mchezaji kutolewa) ya ziada ni mipira ya ziada mkononi mwa mrushaji, na mipira hiyo inamleta mtu wa akiba mapema kuliko ilivyopangwa.

Zipo kanuni zinazobadilika Oktoba na zinawachanganya hata waliotazama msimu mzima. Katika msimu wa kawaida iningi ya 10 huanza na mkimbiaji aliyewekwa besi ya pili ili mechi iishe upesi. Katika mtoano hayupo, kwa hiyo iningi 18 zinawezekana. Saa ya mrushaji ipo kama kawaida: sekunde 15 besi zikiwa tupu, 18 zikiwa na mtu. Waamuzi wanakuwa sita badala ya wanne, wawili wa ziada wakisimama kwenye mistari ya kushoto na kulia. Kocha anaruhusiwa kuomba marudio ya video mara mbili badala ya moja. Mvua haifupishi mechi. Ikikatika, inaendelea pale ilipoishia, kama ilivyokuwa mechi ya tano ya 2008 kati ya Phillies na Rays, iliyosimama iningi ya sita na kumaliziwa siku mbili baadaye. Kila raundi timu inawasilisha upya orodha ya wachezaji 26, na hapa pana jambo la kuangaliwa: aliyeumia katikati ya raundi anaweza kubadilishwa, lakini akitolewa hawezi kucheza raundi inayofuata. Ukisikia nyota kavutika msuli mechi ya pili na timu haimtoi kwenye orodha, sababu mara nyingi ni hiyo, wanamtunzia nafasi.

Marudio ya video ni mazuri kwa anayejua atazame wapi. Mechi ya saba ya 2025, mwisho wa iningi ya tisa, besi zote zikiwa zimejaa, Daulton Varsho wa Toronto alipiga mpira wa chini kwa Miguel Rojas wa Dodgers. Rojas aliteleza kidogo, akajizuia, akarusha kwa mdakaji Will Smith. Isiah Kiner-Falefa wa Toronto alikuwa anakuja mbio kutoka besi ya tatu. Wengi walitazama mpira unaingia kwenye glovu. Ilibidi utazame kiatu: mguu wa Smith uliinuka kwenye bamba, kituo cha mwisho ambapo mkimbio huhesabiwa, ukarudi kuligusa, na sehemu ndogo ya sekunde baadaye Kiner-Falefa akafika. Waamuzi wa video wakathibitisha auti. Sababu ya pili iko hatua chache nyuma, pale besi ya tatu: mkimbiaji alikuwa ameanza karibu mno na besi. Nusu mita zaidi na Toronto wangekuwa mabingwa wakati ule.

Kwa walio Afrika Mashariki, adui mkubwa ni saa. Mwezi Oktoba New York iko nyuma ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kwa saa saba. Mechi ya World Series inayoanza saa mbili usiku New York ni saa tisa usiku kwetu. Kigali, Bujumbura, Goma, Bukavu na Lubumbashi ni saa nane usiku. Muscat ni saa kumi alfajiri. Ratiba ikisema Ijumaa, ujue ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Andika hivyo hivyo kwenye kalenda, “kuamkia Jumamosi”, maana wanaoandika Ijumaa ndio huamka saa tisa za usiku usio na mechi. Raundi za mwanzo zina huruma: siku ya mechi nne, ya kwanza inaweza kuanza mchana wa New York, yaani kati ya saa mbili na saa tatu usiku kwetu, na ya pili saa tano. Mtu mwenye kazi ya asubuhi ale chake hapo na kuacha zile za pwani ya magharibi, ambazo huanza saa kumi alfajiri.

Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, na tofauti inakuwa saa nane. World Series ikivuka siku hiyo, kengele yako isogezwe mbele kwa saa moja. Na usipange mkutano wa saa mbili asubuhi ukitegemea mechi iishe alfajiri. Mechi ya saba ya 2025 iliisha saa moja asubuhi ikiwa imepita kwetu. Ile ya iningi 18 iliisha inakaribia saa nne asubuhi, watu wako kazini.

Huduma ya mtandaoni ya ligi, MLB.TV, inafanya kazi tofauti kutegemea ulipo. Ndani ya Marekani mechi za mtoano zimefungwa kwa asiye na usajili wa televisheni unaozibeba. Nje inategemea haki za nchi husika, hivyo soma masharti ya nchi yako kabla ya kulipa, si saa nane na nusu usiku. Piga hesabu ya bando pia. Picha ya kasi ya megabiti 3 kwa sekunde inakula kama gigabaiti 1.35 kwa saa. Mechi ya saa tatu na nusu ni karibu gigabaiti 4.7, na mfululizo wa mechi saba unapita 30. Sauti ya redio kwa kilobiti 64 ni megabaiti 29 hivi kwa saa, mechi nzima chini ya megabaiti 110. Besiboli inafaa redio kuliko mchezo mwingine wowote ninaoujua: kati ya mpira na mpira kuna nafasi ya mtangazaji kueleza nani yuko wapi, na wewe unaweza kulala chali gizani bila kuwaamsha wa nyumbani.

Ukiamua kulala na kutazama marudio asubuhi, zima arifa zote za simu kabla ya kulala, kisha washa kipengele cha kuficha matokeo kwenye programu. Bado kuna mtego mmoja ambao wengi hawaufikirii: urefu wa video. Faili likionyesha saa tano, umeshajua mechi ilienda iningi za ziada. Funika upau wa muda kwa kipande cha karatasi. Na usiguse makundi ya WhatsApp ya ndugu walio Texas au Minnesota mpaka umalize.

Karatasi ya kuandikia mechi ndiyo dawa ya usingizi. Kila nafasi uwanjani ina namba: mrushaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu 6, kisha walinzi wa nje kushoto 7, katikati 8, kulia 9. Mpira wa chini uliodakwa na wa kati akarusha besi ya kwanza unaandikwa 6-3. Aliyetolewa kwa straiki anaandikiwa K. Kama aliitazama straiki ya mwisho bila kuinua bati, K hiyo inageuzwa. Pembeni weka jedwali dogo la warushaji: jina, iningi aliyoingia, mipira aliyorusha. Safu hiyo ya tatu ndiyo yenye thamani, maana ndiyo utakayoifungua kesho yake kujua nani amechoka.

Kwa walio Marekani au Kanada na wanataka kwenda kiwanjani, tiketi zina lugha yake. Nyingi huandikwa kwa hesabu ya mechi za nyumbani: kwa timu iliyoanzia ugenini, mechi ya kwanza ya nyumbani ndiyo mechi ya tatu ya mfululizo. Watu wamenunua tiketi ya “mechi ya nyumbani namba 3” wakidhani ni Jumatatu, kumbe ni Jumatano, mechi ya tano, ambayo huenda isichezwe kabisa. Tiketi za mechi isiyochezwa, ukinunua kwa timu yenyewe, hurudishiwa pesa, ila pesa hiyo imefungwa mpaka mfululizo uishe. Ukinunua kwa muuzaji wa pili soma masharti yake kwanza. Bei kwa walanguzi huwa inalegea saa chache kabla ya mechi za raundi za mwanzo, hasa za siku ya kazi. Mechi inayoweza kutoa ubingwa hailegei, na anayesubiri bei ishuke hubaki nje.

Pakua tiketi kwenye simu ukiwa nyumbani, kwa sababu getini watu elfu arobaini wanagombania mtandao mmoja. Beba betri ya akiba. Kuhusu baridi, Cleveland, Chicago, Boston na Philadelphia mwishoni mwa Oktoba si mahali pa jaketi la mvua na fulana. Iningi ya saba nyuzi joto zinaweza kuwa chini ya 10 na wewe umekaa bila kutembea kwa saa mbili na nusu. Nguo mbili nyembamba ndani, sweta, jaketi la kuzuia upepo, soksi za sufu, na kipande cha kadibodi chini ya viatu, maana zege linanyonya joto la miguu kuliko hewa. Toronto, Houston, Milwaukee, Arizona, Seattle, Miami na Texas kuna paa la kufunga, kwa hiyo huko mzigo unapungua. Jambo la mwisho la kupanga ni kurudi. Angalia treni ya mwisho inaondoka saa ngapi na usafiri gani unabaki baada ya hapo, kwa sababu Oktoba hakuna mkimbiaji wa kuwekwa besi ya pili, na ukiondoka iningi ya 11 kuwahi treni unaweza kuwa umeacha nyuma iningi saba zaidi.